Pedi ya ngapi sasa?

Nyumba tuliyopanga Ngamiani, Tanga, ilikuwa na vyumba sita, ua mmoja, choo kimoja na bomba moja. Nyumba ya namna hiyo siri haikai. Unajua nani kakwama kodi, nani kalala na njaa, nani mumewe hakurudi. Kwa hiyo usiku ule niliposikia mtu anachota maji bombani saa 8, akamwaga, akachota tena, akamwaga tena, nilijua pana jambo. Mtu hafui saa 8 za usiku.

Alikuwa mpangaji mwenzetu wa chumba cha nne, binti aliyekuwa akisuka watu nywele barazani. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya beseni, kanga mbili zimeloweshwa ndani, na maji yamekuwa mekundu kiasi kwamba taa ya uani haikuonyesha chini ya beseni. Akaniangalia, akasema, "Dada, mimba imetoka. Usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Nilimsaidia kukamua zile kanga, nikamshika mkono hadi chumbani kwake, nikarudi kulala. Naandika haya miaka zaidi ya ishirini baadaye, na bado nikifika hapo kwenye "nikarudi kulala" roho inaniuma.

Asubuhi bibi mwenye nyumba aliingia akamkuta kitandani. Alikuwa mama mwema sana, amezalisha wajukuu zake mwenyewe, kila mtu alimwamini. Alimpikia uji wa pilipili manga, akamwambia atulie. "Hiyo damu chafu. Iache ishuke yote. Ikibaki ndani ndiyo itakudhuru." Nasi wote tukaona maneno ya mtu mzima hayo. Mchana akasema masikio yanavuma. Akaomba maji, akanywa kikombe, akaomba kingine, akaomba kingine. Midomo ilikuwa kama imepakwa unga wa muhogo. Alipoinuka kwenda chooni alianguka mlangoni, na hapo ndipo tulipoitafuta teksi.

Hospitali wakashindwa kusoma presha yake. Alipewa chupa 4 za damu, akasafishwa kizazi usiku uleule, akapona. Muuguzi mmoja wa zamu, mama wa makamo, alinikuta nimekaa kwenye benchi la nje, akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Mwenzenu ametokwa damu tangu jana magharibi. Mlikuwa mnaisubiri ifike wapi?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo ndilo lililonipeleka chuo cha uuguzi.

Kwanza niliseme hili, maana nalikuta kila mwezi wodini: hakuna damu chafu. Damu inayotoka baada ya mimba kuharibika au kutolewa ni damu ileile iliyo kwenye mishipa ya mkono wako, ileile ambayo moyo unaitegemea. Mwili hauna ghala la damu mbovu linalotakiwa kumwagwa mpaka liishe. Kinachoisha ni wewe.

Kinachotokea ni hiki. Kizazi ni msuli. Mimba inapotoka, mahali kondo lilipokuwa limejishikiza panabaki na mishipa iliyo wazi, na msuli ule unatakiwa kukunjika kama ngumi ili uibane. Kunja ngumi yako uone vidole vinavyobana kiganja. Sasa weka ndimu katikati ya kiganja halafu jaribu tena. Ngumi haifungi. Ndivyo inavyokuwa kipande cha kondo kikibaki ndani: kizazi kinajitahidi kukunjika, ndiyo yale maumivu ya kuja na kuondoka, lakini hakifungi, na mishipa inaendelea kumwaga. Damu hiyo haitakoma kwa uji wa pilipili manga wala kwa kulala chali. Itakoma kile kipande kikitoka.

Kwa hiyo siku hizi mgonjwa au ndugu yake akinipigia simu, swali langu la kwanza ni: pedi ya ngapi sasa? Watu hunijibu "nyingi" au "kidogo" au "za kawaida tu". Nyingi ni ngapi? Kuna mwanamke hedhi yake ya kila mwezi ni mafuriko, kwake hata hatari inaonekana ya kawaida. Kuna mwingine anaona tone anasema anakufa. Ndiyo maana tunahesabu.

Kipimo chenyewe ni hiki: pedi kubwa 2 zilizolowa kabisa, mbele mpaka nyuma, ndani ya saa moja, na saa inayofuata vilevile. Ukifika hapo ondoka nyumbani. Usingoje ya tatu, usingoje kuche, usingoje mume arudi. Kwa wanaotumia vitambaa, kitambaa safi kikilowa chapachapa ndani ya dakika 5 hiyo tayari ni damu nyingi, huna haja hata ya kumaliza saa. Na kama ulikuwa na upungufu wa damu tangu mwanzo, na wengi wetu tunao kwa malaria na minyoo na kula vibaya, usijipe muda wote huo. Mtu mwenye akiba ndogo hufilisika mapema.

Damu inaweza pia kudanganya kwa namna nyingine. Inapungua siku ya tatu, mtu anashukuru Mungu, anarudi kwenye biashara yake, halafu siku ya kumi inafunguka upya na mabonge makubwa. Hiyo si hedhi iliyowahi kurudi. Hedhi ya kwanza huja kwa kawaida baada ya wiki 4 hadi 8. Damu nyingi inayorudi kabla ya hapo mara nyingi ina kitu nyuma yake, ama mabaki, ama maambukizi, ama vyote viwili.

Sitaki kumtisha mtu aliye salama, kwa hiyo niseme na kilicho cha kawaida. Siku ya kwanza na ya pili damu huzidi ya hedhi, na mabonge madogo huwepo. Tumbo hukaza na kuachia kama uchungu. Baadaye inapungua, inakuwa ya kahawia, matone matone, na matone hayo yanaweza kwenda wiki 2 na hata kuzidi kidogo, kwa kukatika na kurudi. Aliyetumia vidonge vya misoprostoli, vile watu wanavyoviita miso, anaweza kutetemeka baridi, kupata joto, kichefuchefu na kuharisha siku hiyohiyo. Inatisha ukiwa peke yako chumbani, lakini hupita. Mimba iliyokuwa imefika miezi minne au mitano ikitoka, matiti yanaweza kujaa na kutoa maziwa, na nimeona wanawake wakilia kwa hilo kuliko walivyolia kwa maumivu. Halina hatari. Vaa sidiria inayobana vizuri, weka kitambaa cha baridi, usiyakamue, yatakauka.

Mwelekeo wa kila kitu uwe kwenye nafuu. Damu ipungue, maumivu yapungue, nguvu zipande. Mwelekeo ukigeuka, kuna tatizo.

Joto ndilo linalotupotezea watu wengi kimyakimya, maana huku kwetu homa ina jina moja tu. Nakumbuka mwanafunzi wa chuo aliyeletwa na wenzake wa hosteli. Alikuwa na homa siku 5. Siku ya kwanza alikwenda duka la dawa, akasema ana homa na mwili unauma, akauziwa dawa mseto. Hakusema kwamba wiki iliyopita alitolewa mimba, na muuza dawa hakuuliza. Akameza dozi yote ya malaria kwa uaminifu. Siku ya nne akaenda kupima mkojo, akaambiwa ana yutiai, akapewa vidonge vingine. Tulipompokea, tulisikia harufu kabla hatujafunua shuka. Mikono ya baridi, anapumua haraka kama aliyekimbia, mapigo yanapiga 140 kwa dakika, na anamwita mwenzake kwa jina la dada yake.

Kizazi baada ya mimba kutoka ni kidonda kibichi, na mlango wake haujafunga vizuri. Mabaki yaliyo ndani ni chakula cha bakteria. Kama kuna kitu kisicho safi kilipitishwa, kijiti, waya, mpira, bakteria wamesindikizwa mpaka ndani. Wanaanza kwenye kizazi, wanapanda kwenye mirija, wanaingia kwenye tumbo, kisha kwenye damu. Wakiingia kwenye damu ndiyo hali tunayoiita sepsisi, na hapo kila kiungo kinaanza kuzima kwa zamu yake. Figo mara nyingi hazichelewi: mkojo unapungua, unakuwa mweusi kama chai ya rangi, halafu unakata.

Kenya kuna kesi inayojulikana kwa herufi za msichana mwenyewe, JMM. Alibakwa akiwa bado mtoto, mimba ikatolewa mahali pasipo salama mwaka 2014, akapelekwa hospitali moja baada ya nyingine huku hali ikiharibika. Figo zake zilikufa. Aliishi na ugonjwa huo mpaka mwaka 2018 alipofariki. Mwaka uliofuata, Juni 2019, Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hukumu kwamba wizara ya afya ilikosea kuondoa miongozo na kusitisha mafunzo yaliyowafundisha watoa huduma kutoa mimba kwa njia salama. Huwa namfikiria ninaposoma karatasi ya mkojo wa mgonjwa. Huenda kabla ya kila kitu kulikuwa na saa chache ambazo mtu mmoja tu aliyejua angezitumia vizuri.

Kwa hiyo: joto la nyuzi 38 au zaidi linalopita saa 24, au linaloanza siku moja, mbili au tano baada ya mimba kutoka, lisipelekwe duka la dawa kuitwa malaria. Pima malaria, sawa, inawezekana unayo kweli, lakini mwambie anayekupima kwamba mimba imetoka na lini. Kama huna kipimajoto, kutetemeka mpaka meno yanagongana kunatosha. Uchafu wa ukeni wenye harufu ya kuoza, hata kama huna homa, unatosha. Na tafadhali shika hili: maambukizi mabaya sana wakati mwingine huja bila joto lolote. Mtu anatapika, anaharisha, anaishiwa nguvu, mapigo yanakimbia, mwili wa baridi. Ukijisikia mgonjwa kwa namna ambayo huwezi kuieleza, zaidi ya siku moja baada ya vidonge, usibishane na kipimajoto.

Tumbo nalo lina lugha yake. Maumivu ya kawaida ni ya chini, yanakuja na kuondoka, na dawa kama ibuprofeni huyatuliza. Maumivu yanayoongezeka kila saa, yasiyosikia dawa, tumbo likiwa gumu kama ubao na ukiligusa mtu anaruka, hayo si ya kizazi peke yake. Kijiti kinachosukumwa kwa kubahatisha hakijui mahali pa kusimama. Hutoboa kizazi na kufika kwenye utumbo. Hapo damu ya nje inaweza kuwa ndogo kabisa, watu wakasema "mbona hatoki damu, ana deko tu," kumbe anavujia ndani. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji upasuaji, na anahitaji hospitali yenye chumba cha upasuaji, kwa hiyo usipoteze saa 3 zahanati.

Halafu kuna mimba ya nje ya kizazi, ambayo inaua wanawake waliodhani wamemaliza kazi. Vidonge haviondoi mimba iliyokaa kwenye mrija. Mwanamke anameza, anapata damu kidogo au hapati kabisa, anangoja. Baada ya siku kadhaa maumivu makali ya upande mmoja, kizunguzungu, na jambo ambalo hakuna anayelifikiria: bega linauma. Damu iliyomwagika tumboni inagusa kiwambo kilicho chini ya mapafu, na mshipa wa fahamu unaohudumia pale unapeleka taarifa begani. Mama mmoja wa Pangani alikuja na bega limefungwa kitambaa cha mafuta ya nazi, amechuliwa usiku kucha. Tulimwingiza chumba cha upasuaji ndani ya nusu saa.

Kipimo cha mkojo kisikuchanganye hapa. Kinaweza kuendelea kuonyesha mistari 2 hadi wiki 4 baada ya mimba kutoka, kwa sababu homoni inachukua muda kuisha. Lakini kama kichefuchefu, matiti kuuma na tumbo kukua vinaendelea, rudi. Huenda mimba bado ipo, huenda ni ya mrija, na mara chache huwa ni mimba zabibu, ile ambayo kondo hukua vibaya kama kishada cha zabibu, nayo inahitaji kufuatiliwa kwa karibu kwa miezi.

Haya yote watu wengi wanaweza kuyajifunza kwa jioni moja. Kinachowakwamisha ni aibu na hofu ya polisi.

Sheria ya Tanzania naijua, na sitaipamba. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 150, inatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria. Kifungu cha 151 hadi miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe. Kifungu cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama. Hiyo ndiyo hali. Lakini kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeharibika, kwa sababu yoyote ile, si kosa mahali popote nchini. Ni huduma yenye mwongozo wa Wizara ya Afya, wauguzi na wakunga tumefundishwa kuitoa, na vifaa vipo hata kwenye vituo vya afya. Wenzetu wa Kenya wameandika hata kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 43, kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Makadirio ya watafiti kwa Tanzania Bara na Zanzibar kwa mwaka 2013 yalikuwa mimba 405,000 zilizotolewa, na wanawake wapatao 66,600 waliotibiwa madhara vituoni. Hao ni waliofika. Wasiofika tunawasikia msibani, ambako husemwa marehemu aliugua ghafla, tumbo.

Nimeona pia tunachowafanyia wanaofika. Kituo kimoja nilichofanyia kazi, ambacho sitakitaja, kulikuwa na mwenzetu aliyezoea kusimama mlangoni mwa wodi na kuuliza kwa sauti, "Yuko wapi huyu aliyetupa mtoto?" Wagonjwa 12 wanasikia, na ndugu zao. Binti mmoja aliulizwa hivyo akageukia ukuta. Usiku alishuka kitandani na dripu mkononi, akaondoka. Tulimtafuta hadi stendi. Aliletwa siku ya tatu, safari hii akiwa amebebwa. Nilinyamaza siku ile ya swali, maana yule mwenzetu alikuwa mkubwa wangu kazini. Sijanyamaza tena.

Ukifika hospitali, usiogope kusema mimba imetoka. Matibabu ya mimba iliyoharibika yenyewe na ya iliyotolewa ni yaleyale. Lakini kuna mambo nakuomba uyaseme kweli, kwa mtu mmoja unayemwona ana uso wa huruma, kwa kunong'ona kama ni lazima: mimba ilikuwa ya wiki ngapi, damu ilianza lini, umemeza nini, na kama kuna kitu chochote kilichoingizwa ukeni. Nimeshaambiwa majani ya chai yaliyochemshwa mpaka yakawa lami, maji ya majivu, bluu ya kufulia, mti wa muhogo. Sikuuliza ili nicheke. Mtu aliyekunywa sumu nahitaji kumwangalia ini na figo. Aliyeingiziwa mti nahitaji kumchoma sindano ya pepopunda na kuangalia tumbo lake kila baada ya muda mfupi. Nisipojua, naweza kukutibu vizuri sana ugonjwa usio wako.

Na kusafishwa kusikutishe. Watu bado wanasimulia kukwanguliwa kwa chuma, na zamani ndivyo ilivyokuwa. Siku hizi kwa mimba changa tunatumia bomba la plastiki la kunyonya kwa mkono, halihitaji hata umeme. Unapewa dawa ya maumivu, inachukua dakika chache, wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo na dawa zao. Wengine hawahitaji hata hilo, vidonge vinamaliza kazi. Inategemea umefika na nini, na umefika lini.

Njiani, kama mtu anatokwa damu na kuishiwa nguvu: mlaze chali, miguu iwe juu kuliko kichwa, mfunike asipigwe baridi. Akiwa na fahamu zake mpe maji funda mojamoja. Akizirai mlaze ubavu na usimpe kitu mdomoni. Usimwekee chochote ukeni, iwe pamba, iwe dawa, iwe kitambaa cha kuzibia. Ukiziba, damu inajikusanya ndani na wewe unadhani imekata. Beba mtu wa pili, kwa sababu damu ya kuongezewa hutafutwa kwa ndugu. Na chukua pedi alizokwisha kutumia, kwenye mfuko wa plastiki. Najua watu wanaona kinyaa, lakini mimi nikifungua ule mfuko naona kwa macho kilichotokea nyumbani.

Baada ya kutibiwa, kuna jambo moja huwa nalisemea hadi mlangoni. Mwili unaweza kushika mimba nyingine ndani ya wiki 2, kabla hata ya kuona hedhi. Yai linaweza kutoka siku ya 8. Kwa hiyo kama hutaki mimba, njia ya uzazi wa mpango tuianze siku hiyohiyo ukiwa bado wodini. Kitanzi husubiri kama una maambukizi. Na kama miezi 2 imepita hedhi haijarudi, na huna mimba, lakini kila mwezi tumbo linauma kwa siku zake, njoo tuangalie. Kuta za kizazi zilizokwanguliwa sana huweza kushikana kwa makovu, na ni jambo linalotibika likigunduliwa.

Yule binti wa chumba cha nne yupo. Ana watoto wawili na saluni yake mwenyewe, na kuna siku huwa nakwenda kusukwa kwake. Hatujawahi kulizungumza beseni. Mara moja tu, akiwa nyuma yangu na kitana mkononi, alisema, "Siku zile ningekuwa na mtu wa kuniambia ni nyingi." Nikasema, "Nilikuwepo." Akasema, "Ulikuwa mtoto kama mimi," akaendelea kusuka.

Mwaka jana, mvua za masika, aliingia msichana mmoja saa 6 usiku kwa bajaji, na shangazi yake. Amekaa mwenyewe, anatembea, lakini rangi imeanza kumpotea. Daktari wa zamu alimuuliza damu imeanza lini na ni kiasi gani, akitegemea lile jibu letu la siku zote. Msichana hakusema kitu. Alifungua kiganja cha kushoto, akamwonyesha. Kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu, mstari chini ya mstari, herufi zimeanza kutapakaa kwa jasho: saa 3, saa 3 na nusu, saa 4, saa 4 na robo, saa 4 na dakika 40. Kila mstari pedi moja. Mbele ya mistari mitatu ya mwisho aliweka alama ya kuonyesha imejaa yote.

Daktari alisoma kile kiganja mara moja, akageuka akasema tuandae chumba na tupige simu maabara. Sikumbuki kama aliuliza swali lingine.

Nilipokuja kumwekea dripu alininyooshea mkono huohuo wa kushoto, uliokuwa karibu nami. Nilizunguka kitanda nikatafuta mshipa upande wa pili, ule wino usifutike kabla hatujaunakili kwenye faili lake.